Hilux iliyoinamia mbele: spesa, shokapu za mifereji au seti nzima, na tairi gani lifuate

Chukua pima maji ya fundi mwashi, uilaze kwenye kizingiti cha mlango wa dereva huku pikapu imesimama kwenye sakafu iliyo sawa. Kwa Hilux nyingi za dabo kebini zisizo na mzigo, povu litakimbilia upande wa nyuma. Maana yake gari limeinamia mbele. Si ugonjwa. Kiwandani wameliacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu ni chombo cha kubeba karibu tani moja: ukipanga mifuko 15 ya saruji kwenye bodi, springi za nyuma zinalala, gari linanyooka, na taa zinaendelea kumulika barabara badala ya vilele vya miembe.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaoendesha dabo kebini, mzigo wetu mkubwa ni kreti mbili za soda na watoto wa ndugu. Gari linashinda limeinama mwaka mzima kwa ajili ya saruji itakayopakiwa mara mbili. Hapo ndipo mtu anaanza kutamani linyooke, na likishanyooka lipate matairi ya kujaza madigadi.

Njia zinazouzwa madukani kwetu ni tatu: spesa, shokapu zenye mifereji ya kurekebisha urefu, na seti nzima ya springi na shokapu. Zinatofautiana kuliko wauzaji wanavyokubali. Nitazilinganisha kwa kutumia Vigo (2005 hadi 2015) na Revo (kuanzia 2015), kwa sababu ndizo nilizolala chini yake. Zote mbili mbele zina springi ya koili iliyovishwa kwenye shokapu, na gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Nyuma zina springi za mabamba. Ford Ranger na Isuzu D-Max za kuanzia 2012 hivi zimejengwa kwa mpango huohuo, kwa hiyo mengi ya humu yanazihusu pia, ila vipimo vya matairi usivihamishe bila kupima.

Huenda kosa liko nyuma

Nilinunua Vigo ya 2009 mkononi, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifanyia biashara. Mbele ilikuwa imeinama mpaka inatia aibu. Nikaenda gereji moja, fundi akaizunguka mara moja, akasema, "Kaka, hii weka spesa tu, dakika arobaini unaondoka." Nikaweka. Miezi minne baadaye nilikuwa chini ya gari nikibadilisha bushi za nyuma, nikahesabu mabamba ya springi. Kulia na kushoto kulikuwa na bamba moja zaidi, jeusi kuliko wenzake, limekatwa kwa gesi kwenye ncha. Mwenye gari wa kwanza aliongeza bamba ili abebe zaidi. Nyuma ndiyo iliyokuwa imeinuka, nami nikaenda kuinua mbele.

Pikapu za mtumba hapa kwetu zimejaa kasoro hii, na hutaikuta kwenye maelekezo ya Wamarekani wenye pikapu za F-150 na Silverado, ambao kwao kunyoosha gari ni kuinua pua basi. Kwetu, kwanza hesabu mabamba. Linganisha na gari la mwaka huohuo ambalo halijaguswa. Kama kuna la ziada, na wewe si mbeba mizigo, kulitoa kunaweza kukupa nusu ya ulichokuwa unatafuta kwa gharama ya ufundi na boti za katikati tu.

Halafu pima mbele. Springi ya koili iliyokaa miaka 15 kwenye barabara zetu imechoka. Chukua futi, pima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Ukipima kutoka ardhini utakuwa umepima na upepo wa tairi. Kama kulia na kushoto vinatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, usinunue kitu chochote cha kunyanyulia kwanza. Kuna springi iliyolegea au iliyovunjika, na spesa juu ya springi iliyovunjika ni kofia juu ya kichwa chenye jeraha. Kumbuka pia kwamba matao ya madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa urefu mmoja, kwa hiyo vipimo hivi ni vya kulinganisha kulia na kushoto, na kabla na baada. Swali la kama gari limenyooka linajibiwa na pima maji kwenye kizingiti.

Spesa

Spesa ni kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachokaa juu ya kichwa cha shokapu, kati yake na chesisi. Ni rahisi kwa bei kuliko vyote, mara nyingi kwa mbali sana, na ndiyo sababu kila gereji ina ya kuchonga.

Kitu cha kwanza kuelewa ni hesabu. Shokapu haikufungwa kwenye tairi, imefungwa njiani, kwenye mkono wa chini. Kwa hiyo spesa ya milimita 10 inainua gari karibu milimita 20, na ya milimita 20 inainua karibu 40. Watu huagiza ya milimita 40 wakidhani watapata 40, kisha wanashangaa mikono imening'inia kama mabawa ya kuku aliyenyeshewa.

Uzuri wake ni kwamba springi haikuguswa. Ukitoka gereji, gari linatembea kwa ulaini uleule, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Ubaya unajitokeza gurudumu linapodondoka kwenye shimo au linapoachwa na tuta. Shokapu nzima imesogezwa chini, kwa hiyo gurudumu sasa linaweza kuning'inia chini zaidi ya pale kiwanda kilipoliruhusu. Jointi za shafti za mbele zinapinda kupita pembe yake, mipira yake inasuguana mpaka inapasuka na kumwaga grisi, bolijointi ya juu inafika mwisho wa uwezo wake, na mkono wa juu unaweza kugusa koili. Langu lilikuwa linatoa sauti ya "tok" kila tuta, kutoka Chalinze mpaka Morogoro, na kati ya miji hiyo matuta si ya kuhesabu kwa vidole. Na ukienda upande wa pili, spesa ikiwa nene sana shokapu inaweza kufika mwisho wake ndani kabla mpira wa kuzuia haujagusa. Shokapu ya namna hiyo haimalizi mwaka.

Kuna na spesa ya ndani, inayowekwa kati ya springi na kikombe chake cha juu. Hii ni jamaa wa njia ya pili, nitaigusa huko.

Msimamo wangu juu ya spesa: ya milimita 10, kwenye gari ambalo springi zake bado nzima, kwa mtu wa lami, ni sawa. Inatoa kama sentimita mbili, ambazo kwa macho ni nyingi kuliko zinavyosikika. Zaidi ya hapo unakopa kwa riba.

Shokapu za mifereji

Hizi zimechongwa mifereji kadhaa kwenye mwili wake, na pete ya chuma inayobeba kikombe cha springi huwekwa kwenye mfereji unaoutaka. Mfereji wa chini kabisa ni urefu wa kiwandani. Ukipanda mfereji mmoja, mbele inapanda. Maarufu kuliko zote ni Bilstein 5100, ambazo kwa Wamarekani zimekuwa kama chumvi mezani. Bilstein ni Wajerumani, na ndio waliopeleka shokapu ya bomba moja yenye gesi kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957.

Tofauti na spesa ya juu iko hapa, na ni tofauti ambayo wauzaji wengi hawaijui: urefu wa shokapu yenyewe haukubadilika. Gurudumu likining'inia, linaishia karibu palepale lilipokuwa likiishia. Shafti na bolijointi zinapumua. Lakini hakuna cha bure. Gari likisimama, shokapu tayari imefunguka zaidi ya zamani, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya gurudumu kushuka imepungua. Ukipandisha mpaka mfereji wa juu kabisa bila mzigo mbele, kila ukiacha tuta shokapu inafika mwisho na kugonga, na gari linakuwa na tabia ya kurukaruka. Mifereji ya katikati ndiyo yenye raha. Spesa ya ndani inafanya kitu hikihiki, ila kwa shokapu ya zamani iliyochoka, yaani inachukua ubaya wa njia hii na kuacha uzuri wake.

Uzuri ni shokapu yenyewe. Bomba moja maana yake mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, kwa hiyo joto linatoka haraka, na nitrojeni iliyoshindiliwa inazuia mafuta yasifanye povu. Ukitembea saa mbili kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, shokapu za kawaida huchoka njiani. Zinapoa ukilala, asubuhi zinarudi. Za bomba moja zinabaki zilivyo.

Ila ukuta huohuo unaotoa joto ndio ambao pistoni inateleza juu yake kwa ndani. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama, shokapu imekufa. Ya bomba mbili ikibonyezwa kidogo nje inaendelea na maisha. Kwa mtu wa Dodoma mjini hili ni jambo la kusoma tu. Kwa anayepita kila wiki kwenye kokoto kali, ni hesabu ya kweli.

Shemeji yangu ana Revo, hana ngao ya chuma mbele, hana winchi ya kujivutia akikwama, anaishi Mbezi na kwenda shamba mara moja kwa mwezi. Tulimwekea hizi, mfereji wa pili, na springi zilezile za kiwandani. Povu la pima maji likasogea karibu na katikati. Mpaka leo hajawahi kulalamika, na huyu ni mtu anayelalamikia hata viyoyozi vya benki.

Seti nzima

Seti maana yake springi mpya za mbele, shokapu zenye urefu na ugumu uliopimwa kwa springi hizo, na ukitaka na za nyuma pamoja na mabamba. Australia ndiyo shamba la vitu hivi: Old Man Emu ya ARB, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975, na washindani wake Tough Dog na Ironman 4x4. Zinafika Dar es Salaam na Nairobi kwa mawakala, na zinafika pia kwa njia za panya zikiwa bandia, kwa hiyo dai risiti na uangalie namba iliyogongwa kwenye springi ifanane na ya kwenye boksi.

Muuzaji anayeijua kazi hatakuuliza unataka sentimita ngapi. Atakuuliza: una ngao ya chuma mbele? Una winchi? Betri ya pili? Ngao ya chuma ya Hilux ina kilo 60 hivi, winchi yenye waya wa chuma inazidi kilo 30, na springi hutengenezwa kwa makundi ya uzito huo. Kosa linalofanywa kila siku ni kununua springi ya "ngao na winchi" kwa ajili ya gari lisilo na ngao wala winchi, kwa hoja kwamba ngumu ndiyo imara. Mbele inapanda kupita kiasi, inakuwa ngumu kama mkokoteni, na kila jointi ya mbele inaishi kwenye pembe mbaya. Kinyume chake nacho kipo: ukiweka spesa au mifereji kwenye gari lenye ngao na winchi, umeinua springi ambayo tayari imezidiwa, na ndani ya miezi michache imelala tena.

Kwa hiyo mwenye ngao asipoteze muda na njia mbili za kwanza. Na mwenye Vigo ya miaka 15 vilevile, kwa sababu springi na shokapu zake zimekwisha hata hivyo. Atanunua shokapu leo na springi mwakani, na kulipa ufundi mara mbili. Mimi ndivyo nilivyolipa, mara tatu ukihesabu na spesa.

Ukishanunua seti kwa lengo la kunyoosha, acha mabamba ya nyuma kama yalivyo, badilisha shokapu za nyuma tu. Duka litataka kukuuzia seti kamili inayoinua nyuma nayo sentimita nne au tano, halafu utakuwa na gari refu lililoinamia mbele kama zamani.

Kama bajeti hairuhusu chochote kati ya hivi, springi mpya za kiwandani na shokapu za Kayaba ni jibu la heshima. Vigo yangu ilipanda sentimita mbili na ushee kwa springi mpya tu, nikilinganisha na kipimo nilichoandika siku ya kwanza, bila kubadilisha pembe hata moja ya kiwandani.

Tairi gani

Hilux za daraja la juu zinatoka na 265/65R17 (upana kwa milimita, urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana, rimu kwa inchi), au 265/60R18, na vipenyo vyake karibu ni kimoja. Watu wanaoziinua huenda kwenye moja ya hizi mbili:

| Kipimo | Kipenyo | Gari linapanda | Mita ikisoma 100, kasi ya kweli |
|---|---|---|---|
| 265/65R17 | milimita 776 | – | 100 |
| 265/70R17 | milimita 803 | milimita 13 | 103 |
| 285/70R17 | milimita 831 | milimita 27 | 107 |

Safu ya mwisho inachukulia kwamba mita ilikuwa sahihi kwa tairi la kwanza. Kiwandani huiacha isome juu kidogo, kwa hiyo 265/70R17 mara nyingi inaisogeza karibu na ukweli. Ukiwa na 285/70R17, unapoingia kijijini na sindano iko 50, wewe uko 53 na nusu, na mwenye tochi chini ya mwarobaini hana habari na matairi yako. Wenye rimu za inchi 16 watafute 265/75R16. Kipenyo chake ni milimita 804, sawa na 265/70R17.

Angalia safu ya tatu tena. Tairi linainua gari kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, na linainua mbele na nyuma kwa pamoja. Halinyooshi kitu. Lakini ndilo peke yake linaloinua tumbo la difu ya nyuma. Spesa, shokapu na springi zote zinainua bodi na kuiacha difu palepale. Anayekwama kwenye udongo mweusi wa mbuga au kwenye migongo ya barabara ya shamba anahitaji tairi kabla ya springi.

Kati ya hayo mawili sioni ushindani. 265/70R17 inaingia kwenye Vigo na Revo kwa rimu za kiwandani, ikigusa kidogo plastiki au kizuizi cha tope unapokata kona hadi mwisho, na hilo fundi analimaliza kwa kisu na tai mbili za plastiki. Tairi la akiba linakaa chini ya bodi bila ugomvi. 285/70R17 ni mradi. Inataka mbele iinuliwe, inataka plastiki zikatwe, na mara nyingi inataka kikombe cha chesisi nyuma ya gurudumu la mbele kikatwe na kuchomelewa upya. Tairi la akiba halitaki kuingia mahali pake. Gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia 7, na breki zinashika gurudumu lililo kubwa na zito zaidi. Ukipanda Kitonga na mzigo kwa injini ya 2.5 utazihesabu hizo asilimia moja moja. Zinapendeza kwenye picha, nakubali.

Kuhusu mafuta, watu huongopa bila kujua. Baada ya kubadilisha tairi, mita ya kilomita inahesabu pungufu. Safari ya kilomita 500 za kweli itasomeka 483 kwa 265/70R17 na 467 kwa 285/70R17. Kabla hujasema gari limeanza kunywa, rekebisha hesabu hiyo kwanza. Kitakachobaki ndicho kilichoongezeka kwa uzito na kwa meno makubwa ya tairi.

Uzito wenyewe ni suala. Matairi yenye herufi LT mbele ya namba, kama BFGoodrich All-Terrain, yana kuta nene zinazostahimili miiba na mawe, lakini ni mazito kuliko ya kiwandani kwa kilo kadhaa kila moja, na yanataka upepo zaidi ya ulioandikwa kwenye ubavu wa mlango. Kibandiko kile kiliandikwa kwa ajili ya tairi lililotoka na gari. Kwa mtu wa lami na changarawe nzuri, tairi la kawaida la kipimo kilekile kipya linatosha na linatembea kwa ulaini. Lolote utakalochagua, soma tarakimu nne kwenye duara la ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka linaweza kukuuzia tairi "jipya" lililozeeka kwenye rafu.

Na nunua matano, si manne. Fo wili ya Hilux inafunga mbele na nyuma pamoja. Ukipata pancha porini ukavisha tairi la akiba la kipimo cha zamani kisha ukaingiza fo wili, unailazimisha gia boksi ndogo kupigana na nafsi yake.

Taa na usukani

Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Hilux ya dabo kebini ina milimita 3,085. Ukiinua mbele milimita 40 bila kugusa nyuma, mwanga wa taa umeinuka kwa sentimita 32 kwenye umbali wa mita 25, na sentimita 65 kwenye mita 50. Ndiyo maana usiku kwenye barabara kuu unakutana na pikapu ambayo dereva wake anaapa kwamba hajawasha fulu. Hilux nyingi zina kitufe cha kushusha taa karibu na usukani, lakini hicho kiliwekwa kwa ajili ya siku ya mzigo. Ukikitumia kufidia spesa, siku ya mzigo huna kitu. Taa zirekebishwe kwa bisibisi, mbele ya ukuta, siku hiyohiyo.

Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, si hiari. Mbele ikipanda, magurudumu yanabadilika namna yanavyosimama, na usukani unapoteza ule utulivu wa kurudi katikati wenyewe. Kwenye 100 gari linaanza kutangatanga. Hadi sentimita tatu au nne, boti za mkono wa chini za kurekebishia zinatosha kurudisha vipimo. Zaidi ya hapo utaambiwa ununue mikono ya juu mipya, na hapo bei ya spesa inakuwa kichekesho. Kwa magari ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja kuna jambo moja la ziada: chumvi imezigandisha boti hizo ndani ya bushi. Zijaribu kabla hujanunua chochote. Nimeona mtu akilipia shokapu nzuri, akakatiwa boti kwa gesi, na kurudi nyumbani na bushi nne mpya ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Mifereji na seti nzima zinahitaji springi kubanwa ili itoke kwenye shokapu, na hapo naomba usiwe bahili. Springi ya Hilux iliyobanwa inaweza kuua. Kama fundi anatoa waya na minyororo badala ya kibanio chake maalumu, mwambie, "Fundi, samahani, nitarudi kesho," na usirudi. Spesa ya juu haina hatari hii, kwa sababu shokapu inatoka nzima na springi yake. Ni pointi ya haki kwa spesa.

Wakati wa kufunga, boti za bushi za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota maisha yake yote, na utapasuka mapema. Mafundi wengi hulijua hili na hawalifanyi kwa sababu kuingia chini ya gari lililoshuka ni taabu. Simama hapo umwangalie mpaka amalize.

Nani achukue nini

Revo isiyo na ngao, mwenyewe mtu wa mjini na shamba la wikiendi: shokapu za mifereji kwenye mfereji wa kati, 265/70R17 za kawaida. Kama fedha ni ya tairi tu, nunua tairi na uache mbele ilivyo.

Vigo iliyochoka: seti nzima, springi nyepesi ikiwa huna ngao. Ikishindikana, springi za kiwandani na Kayaba. Hesabu mabamba kwanza, nitarudia mpaka kieleweke.

Mwenye ngao na winchi: seti nzima ya uzito wake, LT, bila mjadala.

Mbeba mizigo halisi, anayejaza bodi kila wiki: usinyooshe. Wewe ndiye Toyota walikuwa wanakufikiria. Ukinyoosha, siku ya mzigo pua itatazama mawingu, usukani utakuwa mwepesi na utampofua kila unayekutana naye. Weka shokapu nzuri za nyuma na uishie hapo.

Na mwenye 285/70R17 kichwani tayari, ambaye amesoma mpaka hapa akitafuta ruhusa: sina ruhusa ya kukupa, ila pima nafasi ya tairi la akiba kabla ya kulipa.

Mimi sikunyoosha kabisa. Niliacha kama sentimita moja na nusu nyuma ikiwa juu, nikaondoa lile bamba la ziada, nikatupa spesa, nikaweka springi mpya na 265/70R17. Baada ya kilomita 100 nilikaza upya nati za magurudumu, na baada ya mwezi nikapima tena pande nne, maana springi mpya hulala kidogo kabla ya kutulia. Kwenye kizingiti, gari tupu, povu limeegemea nyuma kama upana wa kucha. Juzi nilipakia magunia sita ya mahindi Kibaigwa, nikaweka pima maji palepale sokoni huku wapagazi wakinitazama kama mganga, nalo likaja katikati.